Miale Isiyo na Mwenyewe

Alhamisi, 24 Julai 2025

Kitovu cha galaksi yetu kinapita juu ya Pasua, hapa Moshi, usiku huu, saa nne na dakika chache, upande wa kusini, kikiwa kimepanda kiasi cha digrii 64. Nimepiga hesabu kwa latitudo ya Moshi. Mtu wa Paris akikitafuta, kwake hakivuki digrii 12 juu ya upeo wa macho. Sisi kinatupita karibu na utosi, na vitabu ninavyofundishia fizikia havisemi neno juu ya jambo hili. Linaniuma.

Umeme umekatika tangu magharibi na mwezi haupo. Kaskazini mlima umejifunika mawingu, kama kawaida yake Julai, lakini kusini, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, anga liko wazi kabisa. Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili na anaishi hapa kwangu. Nimemtoa nje na koti lake. Nimemwonyesha Nge na mkia wake uliojikunja, halafu Mshale, mkono wa kushoto.

"Hapo katikati, penye weupe mzito. Ndipo kilipo kitovu."

"Mbona sioni kitu, mjomba?"

Haoni kwa sababu ya vumbi. Kati yetu na pale kuna miaka ya nuru 26,000 ya nyota, gesi na vumbi, na nuru ya macho haipenyi. Ndani kabisa kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua letu mara milioni nne. Picha yake ilitolewa kwa ulimwengu 12 Mei 2022. Miale ya gama inalipita vumbi lile bila shida, ila ikifika kwetu inazuiwa na angahewa. Hata ukisimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, bado uko chini mno. Ndiyo maana darubini ya Fermi ya NASA, iliyorushwa 11 Juni 2008, inafanya kazi huko juu, kilomita mia tano na ushei, ikiizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu hivi. Mzunguko wake unapanda digrii 25 na nusu kaskazini ya ikweta na kushuka vivyo hivyo kusini, kwa hiyo anga la Tanzania ni sehemu ya njia yake.

"Kwa hiyo hata sasa hivi inaweza kuwa inapita?"

"Inaweza."

Akakaa nje mpaka umeme ukarudi.

Jumamosi, 26 Julai

Kikao cha kikoba kimechelewa kuisha. Mweka hazina amehesabu hisa, marejesho, faini na mfuko wa jamii. Vyote vimelingana na daftari, na bado hela zikabaki mezani. Pesa ikipungua kila mtu anajua la kufanya. Ikizidi, watu wanatazamana. Mmoja akasema hizo ni mia mbili mbili za watu wengi ambazo hazikuandikwa. Mwingine akashikilia kwamba kuna mtu mmoja ameingiza fungu lake kimya kimya, na hayumo kwenye daftari letu kabisa.

Nimerudi nyumbani na mfano ambao nimekuwa nikiutafuta ili niwaeleze wanafunzi. Oktoba 2009 Lisa Goodenough na Dan Hooper walichukua data za Fermi, ambazo zimewekwa wazi kwa yeyote, wakafanya kazi ya mweka hazina. Gama nyingi za galaksi zina mwenyewe anayejulikana: chembe zenye kasi kubwa zinazosafiri angani zinagonga gesi iliyotanda kati ya nyota, na mgongano huo unazaa gama. Ukitoa hizo, ukatoa na vyanzo vilivyokwisha kuorodheshwa, kitovuni panabaki kitu. Kina nguvu zaidi kwenye nishati ya gigaelektronivolti 1 hadi 3, yaani kila chembe ya nuru hiyo inabeba nishati nyingi kuliko nuru ya macho kwa mamia ya mamilioni ya mara. Kimeenea pande zote hadi kiasi cha digrii 10 kutoka kitovuni, na kinafifia kadiri unavyokwenda nje.

Mwanzoni wengi walidhani ni kosa la hesabu. Timu ya Fermi yenyewe ikarudia kazi kwa njia zake, na ziada ikabaki pale pale. Ugomvi wa leo hauhusu kama ipo. Unahusu ni ya nani.

Washukiwa wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni pulsa za milisekunde: masalia ya nyota zilizokufa, mazito kuliko jua lakini upana wake ni kilomita ishirini hivi, yanayojizungusha mamia ya mara kwa sekunde. Moja moja, kwa umbali ule, ni hafifu mno. Maelfu yakikaa pamoja yanaweza kutoa mng'ao huu. Wa pili ni maada ya giza, ile iliyo nyingi kuliko maada ya kawaida kwa zaidi ya mara tano, ambayo hakuna aliyewahi kuikamata. Ikiwa chembe zake mbili zikikutana huangamizana, gama ingeweza kutokea, na ingekuwa nyingi zaidi pale ambapo maada hiyo imesongamana, yaani kitovuni.

Yuko na wa tatu, hatajwi sana: shimo jeusi lenyewe, kama liliwahi kulipuka zamani na kumwaga elektroni. Kwamba kuna kitu kikubwa kilitokea pale tunajua, kwa sababu mwaka 2010 viligunduliwa katika data hizo hizo viputo viwili vya gama, kimoja juu na kimoja chini ya galaksi, kila kimoja kikifika miaka ya nuru 25,000.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu. Mzee wa nyumba ya tatu amepita asubuhi kuniletea ndizi, nami nikamkaribisha chai. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote: Moshi, Himo, Taveta, Voi, Mombasa. Nilikuwa na ramani mezani, akauliza natafuta nini Malindi.

"Ngomeni, Mzee. Kaskazini ya Malindi."

"Ngomeni napajua. Tulikuwa tunapakia chumvi Gongoni, hapo jirani. Ile mijukwaa ya chuma baharini nimeiona kwa macho yangu. Ya Waitaliano. Tulikuwa tunasema wanachimba mafuta."

Nikamwambia hawakuchimba mafuta. Walikuwa wanarusha roketi.

Aliweka kikombe chini. Basi nikamsimulia yote, na sasa nayaandika kwa utaratibu, maana nimekuwa nikiyakusanya vipande vipande kwa muda mrefu.

Jukwaa linaitwa San Marco. La pembeni yake, lililokuwa la kuongozea urushaji, linaitwa Santa Rita. Aliyebuni mradi ni Luigi Broglio, mhandisi wa Kiitaliano. Setilaiti ya kwanza kuondoka pale iliondoka 26 Aprili 1967, na ya mwisho 25 Machi 1988. Roketi zilikuwa za Kimarekani aina ya Scout, nyembamba, za ngazi nne. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, iliondoka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei, na ikapewa jina Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339, na ilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Hiyo ya eksirei angalau inatajwa. Ninayoipenda mimi ni iliyofuata: SAS-2, 15 Novemba 1972, jukwaa lile lile, mbele ya kijiji kile kile cha wavuvi. Hii ilikuwa ya gama.

Kabla yake binadamu alikuwa ameona gama ya angani kidogo sana. Explorer 11, mwaka 1961, ilipata chembe 22. OSO-3, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipata 621, zikatosha kuonyesha kwamba galaksi yetu inang'aa kwa gama na kwamba upande wa kitovu unang'aa zaidi. SAS-2 ndiyo iliyoleta ramani ya kwanza yenye maelezo. Ndani yake kulikuwa na tabaka za nyaya nyembamba, na kati yake bamba za tangsteni. Gama ikigonga tangsteni inageuka chembe mbili, elektroni na positroni. Zikipita kwenye gesi kati ya nyaya, cheche zinafuata njia yake. Ukizifuata cheche kurudi nyuma unajua gama imetoka wapi. Fermi ya leo inatumia wazo hilo hilo, ila badala ya cheche ina silikoni.

Ilifanya kazi miezi saba kasoro. Tarehe 8 Juni 1973 mfumo wake wa umeme uliharibika, ikanyamaza. Lakini katika miezi hiyo ilikuwa imeuchora mkanda wa galaksi, na imeuona mwanga mkubwa zaidi ukitoka upande wa kitovu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Miaka yote hiyo nabeba chumvi," akasema, "hakuna mtu aliyetuambia."

Nami ndicho kinachonisumbua. Gari la chumvi lilitoka Gongoni likafika Moshi. Habari ya kilichokuwa kikirushwa jirani na Gongoni haikufika.

Jumapili, 10 Agosti

Binti ameuliza kwa nini Waitaliano wasirushe setilaiti kwao, na ni swali zuri. Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi ikweta, kwa hiyo roketi inayokwenda mashariki inapata msaada. Lakini kwa darubini ya gama sababu kubwa ni nyingine. Setilaiti inayoruka juu ya ikweta, chini chini, inakingwa na usumaku wa dunia dhidi ya chembe nyingi za angani ambazo zingejaza kelele kwenye kifaa, na inaliepuka kwa sehemu kubwa eneo baya la mionzi lililo juu ya Atlantiki ya Kusini. Gama ni chache. Kelele kidogo tu inaimeza. Waliichagua bahari yetu kwa ajili ya utulivu huo.

Mwaka 2007 Waitaliano walirusha setilaiti nyingine ya gama, AGILE, safari hii kutoka India, ila data zake zilishuka Malindi. Ilipita huko kila mzunguko, ikamwaga ilichokusanya, mpaka ilipoanguka na kuungua angani Februari 2024. Zaidi ya miaka 16.

Jumamosi, 16 Agosti

Geminga. Hii nataka niiandike taratibu, maana msimamo wangu wote kuhusu ziada ya kitovuni umesimama juu yake.

Katika data za SAS-2, mbali na kitovu, upande wa pili wa anga kwenye kundi la Mapacha, palikuwa na nukta inayong'aa kwa gama: ndiyo Geminga. Jirani yake palikuwa na Crab, pulsa inayojulikana vizuri. Hii nyingine haikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na nyota angavu pale, wala chanzo cha redio. Setilaiti ya Ulaya, COS-B, iliyorushwa 1975, ikaithibitisha. Ipo, inang'aa, haijulikani ni nini. Waitaliano wakiongozwa na Giovanni Bignami na Patrizia Caraveo waliifuatilia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1983 wakatangaza eksirei hafifu iliyoonekana mahali pale pale. Bado jibu halikuja.

Lilikuja mwaka 1992. Jules Halpern na Stephen Holt, kwa setilaiti ya ROSAT, waliona eksirei ile ikipigapiga kila sekunde 0.237. Data za gama zilipochunguzwa upya kwa mdundo huo, nazo zikaonekana kupiga hivyo hivyo. Kumbe ni pulsa! Iko karibu nasi, kwa vipimo vya anga, na redio yake hatuipati kwa kawaida.

Miaka ishirini kutoka Ngomeni hadi jibu. Katika miaka hiyo kila aina ya wazo ilitolewa, na mengine yalikuwa mazuri sana. Mwisho wake ilikuwa nyota iliyokufa inayojizungusha, ya aina iliyogunduliwa na Jocelyn Bell mwaka 1967, ila hii haikutaka kusikika kwa redio.

Kabla ya Fermi, pulsa za gama zilizojulikana zilikuwa kama kumi tu. Orodha iliyotolewa mwaka 2023 ina 294, na karibu nusu ni za milisekunde. Tena yako mafungu ya nyota za kale, kama Terzan 5 na 47 Tucanae, yaliyojaa pulsa za milisekunde. Fermi imeyatazama, na gama yake inafanana kwa nishati na ile ziada ya kitovuni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna gama isiyo na mwenyewe, kwanza namuuliza kama amezihesabu pulsa zote.

Jumapili, 7 Septemba

Kupatwa kwa mwezi. Kumeanza kuonekana vizuri baada ya saa moja na nusu usiku, na kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli, mwekundu kama kutu. Msikitini wametangaza swala ya kupatwa, na waliotoka baada ya swala wakasimama barabarani na sisi. Watoto wamejaa. Fundi pikipiki amezima taa zake za nje bila kuombwa.

Kila mtu alitazama mashariki. Mimi nikamgeuza binti atazame kusini magharibi. Mwezi mpevu kwa kawaida unaifuta Njia Nyeupe yote. Leo, kwa saa ile moja na kidogo, ikajitokeza, na kitovu kilikuwa bado kiko juu.

"Kuna kitu pale hakionekani na tunajua kipo kwa sababu ya uzito wake," nikamwambia.

"Shimo jeusi?"

"Na kingine."

Nikamweleza maada ya giza. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi katika kundi moja kubwa, akaona zinakimbia mno. Kwa uzito unaoonekana zingekuwa zimetawanyika. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi moja moja, wakaona nyota za nje zinazunguka kwa kasi karibu sawa na za ndani. Kuna uzito mwingi uliojificha. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni chembe yake ni ipi.

Nataka niwatendee haki wanaoamini kwamba ziada ya kitovuni ndiyo alama yake. Hoja yao ni nzito. Ukichukua chembe yenye uzito wa protoni mara arobaini au hamsini hivi, ukakadiria inavyoangamizana ili kiasi chake kilichobaki tangu mwanzo wa ulimwengu kilingane na kinachopimwa leo, unapata mng'ao unaokaribia ule wa Fermi. Nambari zile hazikutungwa kwa ajili ya kitovu, zilikuwepo kabla.

Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, kwa njia tofauti za takwimu, yalisema gama za ziada zinakuja zimekusanyika kidogo kidogo, kana kwamba zinatoka kwenye nukta nyingi, si ukungu laini. Ushindi kwa pulsa. Mwaka 2019 Rebecca Leane na Tracy Slatyer wakaipima njia mojawapo kwa jaribio ambalo nalipenda kwa ujasiri wake, maana Slatyer mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioitumia: walipandikiza ndani ya data halisi ishara bandia ya maada ya giza, wakaiuliza ile njia ni nini hicho. Ikajibu: nukta. Yaani ilishindwa kuiona maada ya giza hata ilipowekwa makusudi. Jambo likawa wazi tena.

Na Fermi imezitazama galaksi vibete zinazotuzunguka, ambazo zina maada ya giza nyingi na nyota chache. Kule hakujapatikana ishara inayokubalika.

Mwezi ulipoanza kurudi, watu wakaenda kulala.

Jumamosi, 13 Septemba

Wanafunzi wanachanganya mambo, kwa hiyo niandike: kitovu kina maswali ya gama zaidi ya moja. Lipo lile la kilo-elektronivolti 511, nishati inayotoka positroni inapokutana na elektroni na zote mbili kuangamia. Limejulikana tangu miaka ya 1970 kwa vifaa vilivyopandishwa na maputo, likachorwa vizuri na setilaiti INTEGRAL, iliyofanya kazi kuanzia 2002 hadi Februari mwaka huu. Positroni hizo zinatoka wapi, na kwa wingi vile? Bado. Lipo na la juu kabisa: darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, ambazo zinanasa mmeto wa buluu unaotokea gama kali inapovunjikia angani, mwaka 2016 zilionyesha kwamba kitovuni kuna kitu kinachosukuma protoni hadi nishati kubwa ajabu. Darubini hizo ziko juu ya ardhi ya Afrika. Ramani ya Namibia tunayo ukutani darasani. Leo nimeweka alama.

Jumapili, 19 Oktoba

Wiki hii umetoka utafiti mpya juu ya ziada ya kitovuni katika Physical Review Letters, na umenilazimu kufikiri upya. Watafiti wake wameongozwa na Moorits Mihkel Muru.

Kwa miaka kadhaa hoja kali dhidi ya maada ya giza ilikuwa umbo. Ziada ikitazamwa kwa makini haionekani kuwa mviringo. Imebonyea kidogo, imefuata umbo la zile nyota za kale zilizotuna katikati ya galaksi. Pulsa ni watoto wa nyota za kale, kwa hiyo zingekaa hivyo. Maada ya giza, ilidhaniwa, ingekuwa mviringo safi. Muru na wenzake wameunda kwa kompyuta galaksi zenye historia kama ya kwetu, zilizomeza galaksi ndogo na kugongana nazo zamani, na kutazama maada ya giza imetuama vipi. Imebonyea pia.

Hawajathibitisha kwamba ni maada ya giza. Wameondoa sababu moja ya kuikataa. Nimesoma magazeti mawili ya nje yaliyoandika kana kwamba imepatikana, na hiyo si kweli. Mwalimu yeyote atakayelizungumza darasani asiseme zaidi ya ilivyosemwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Mjadala hauishi. Wiki hii Tomonori Totani wa Chuo Kikuu cha Tokyo amedai kuona gama nyingine, ya gigaelektronivolti 20 hivi, imeenea kama wingu kubwa kuizunguka galaksi, na anasema inafanana na maada ya giza. Ni nishati nyingine na uzito mwingine wa chembe. Si ziada ile ya 2009. Wengine watazirudia hesabu zake kwa data zile zile, kama walivyorudia za Goodenough na Hooper, na hapo ndipo tutajua.

Binti amemaliza mtihani wa kidato cha pili. Anataka kuendelea na fizikia. Jana usiku aliniuliza moja kwa moja, mjomba wewe uko upande gani?

Niko upande wa pulsa. Najua udhaifu wake: mpaka leo hakuna aliyezitaja moja moja zile maelfu zinazohitajika, na mifumo ya nyota mbili ambayo kwa kawaida huzizaa haionekani kuwa mingi kitovuni kama hesabu inavyotaka. Hata hivyo pulsa zipo, tumeziona, gama yake inafanana na hii, na Geminga ilikaa miaka ishirini bila jina ikisubiri tu kifaa chenye uwezo wa kuusikia mdundo wake. Chembe ya maada ya giza haijawahi kuonekana katika maabara hata moja. Nikitakiwa kuchagua kati ya kitu kilichopo na kitu kinachotarajiwa, nachagua kilichopo, mpaka nionyeshwe vingine.

Na hili linaweza kuamuliwa. Watafiti wamekwisha kukokotoa kwamba darubini kubwa za redio zilizoko Karoo, Afrika Kusini, zinaweza kuzinasa pulsa za kitovuni moja moja. MeerKAT ina madishi 64 na tayari imekichora kitovu kwa redio vizuri kuliko kifaa chochote kilichotangulia. Inaunganishwa ndani ya mradi wa SKA, ambao ukikamilika upande wa Karoo utakuwa na madishi 197. Zikipatikana mamia ya pulsa pale, suala limekwisha. Zisipopatikana, nami nitauacha msimamo huu.

Nchi za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini katika mradi huo ni nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kenya ina Ngomeni nyuma yake. Msumbiji na Zambia ni jirani zetu wa mpakani. Tanzania haimo. Iingie, na iingie sasa, wakati watoto walio kidato cha pili bado wanachagua masomo.